Mawimbi ya Maji Baridi

Kiswahili huyaita maji yasiyo na chumvi maji baridi, na jina hilo halibadiliki hata maji yenyewe yakiwa vuguvugu kwa jua la mchana, kama yalivyo katika fukwe nyingi za Ziwa Viktoria na Ziwa Tanganyika. Katika Ziwa Michigan, lililoko kaskazini mwa Marekani, jina hilo hupata maana yake kamili, kwa kuwa mawimbi bora ya ziwa hilo hayaji wakati maji yanamkaribisha mwogeleaji, bali huja wakati maji yanaelekea kuganda. Mazungumzo haya yanahusu mfarakano huo wa majira, yaani jinsi kalenda ya mawimbi na kalenda ya watu zinavyopishana katika ufuo mmoja, na mambo yanayompata mtu anayeamua kuifuata kalenda ya mawimbi.

Mchezo wenyewe ni wa kuteleza juu ya mawimbi kwa ubao. Mchezaji hulala kifudifudi, hupiga maji kwa mikono hadi kasi yake ikaribiane na ya wimbi linalomjia kwa nyuma, kisha husimama na kuliacha limchukue. Mchezo huo ni urithi wa visiwa vya Polinesia, uliokomaa Hawaii, na kwa sababu hiyo wengi huufikiria pamoja na minazi na maji ya chumvi. Hata hivyo, katika jimbo la Wisconsin, kwenye ukingo wa magharibi wa Ziwa Michigan, uko mji wa Sheboygan, wenye wakazi wapatao 50,000, ambako watu wamekuwa wakiteleza juu ya mawimbi ya ziwa tangu miaka ya 1960. Kuanzia 1988 hadi 2012 mji huo ulikuwa mwenyeji wa mashindano yaliyoitwa Dairyland Surf Classic, yaliyofanyika wakati wa Sikukuu ya Wafanyakazi, ambayo Wamarekani huiadhimisha Jumatatu ya kwanza ya Septemba, na mwaka 2003 filamu ya Step Into Liquid iliwaonyesha wachezaji wake kando ya wale wa bahari kuu. Dairyland ni jina la sifa la Wisconsin, jimbo la ng'ombe wa maziwa, na ni bahati ya Kiswahili kwamba neno hilo moja, maziwa, linabeba kinywaji cha jimbo hilo na vilevile maji yaliyo mlangoni pake.

Ziwa lenyewe lina urefu unaokaribia kilomita 500 kutoka kaskazini hadi kusini, na upana usiofika kilomita 200. Kwa eneo ni dogo kuliko Viktoria, kwani lina kilomita za mraba zipatazo 58,000 dhidi ya 68,800, lakini kina chake kikubwa kabisa ni mita 281, ilhali Viktoria halizidi sana mita 80. Umbo hilo refu na jembamba ndilo ufunguo wa mambo mengi yanayofuata. Wimbi la ziwa ni zao la upepo, na ukubwa wake hutegemea kasi ya upepo, muda ambao upepo umevuma bila kukatika wala kugeuka, na urefu wa maji ya wazi ambayo upepo umeyapitia kabla ya kufika ufukoni. Urefu huo wa maji ya wazi utaitwa hapa uwanja wa upepo. Upepo unaovuka kutoka mashariki moja kwa moja hupata uwanja wa kilomita zipatazo 100 tu kabla ya kufika Sheboygan, na mawimbi yake huwa mafupi, yenye kusukumana; lakini ule unaotoka kusini, ukilifuata ziwa kwa urefu wake kuanzia pwani ya jimbo la Indiana, hupata uwanja wa zaidi ya kilomita 200, na ule wa kaskazini-mashariki hupata uwanja unaokaribia huo. Kwa kuwa ufuo wa Sheboygan umejitokeza kidogo ziwani, hupokea mawimbi ya pande zote mbili, na hapo ndipo palipotoka sifa yake. Upepo wa magharibi, kwa upande mwingine, hutoka nchi kavu na kuusukuma uso wa maji kwenda mbali, hivyo Sheboygan huweza kushinda shwari siku ileile ambayo Grand Haven, mji wa ng'ambo katika jimbo la Michigan, unapigwa na mawimbi ya kimo cha mtu mzima.

Tofauti kubwa kati ya ziwa na bahari, hata hivyo, haiko katika kimo cha wimbi. Bahari ina akiba, ziwa halina. Mawimbi yanayopasuka katika ufuo wa kaskazini wa kisiwa cha Oahu, huko Hawaii, mwezi wa Desemba huwa yamezaliwa na dhoruba za Pasifiki ya kaskazini, maelfu ya kilomita kutoka hapo, na safarini yamejipanga, yale marefu yakitangulia na mafupi yakifa njiani, mpaka yanafika kwa makundi yenye mapumziko katikati, pengine jua likiwaka na upepo ukiwa umelala. Kipindi cha wimbi, yaani muda unaopita kati ya kilele kimoja na kinachofuata, huwa huko sekunde 12 hadi 18. Katika Ziwa Michigan kipindi hicho kwa kawaida ni sekunde 4 hadi 8, na maana yake huonekana wazi zaidi kwa hesabu: katika maji ya kina, wimbi la sekunde 14 lina urefu wa zaidi ya mita 300 kutoka kilele hadi kilele, wakati wimbi la sekunde 5 lina mita 39 tu. Mchezaji wa ziwani, kwa hiyo, hapati mapumziko ya kupenya kuelekea kwenye maji ya kina. Akitoka chini ya wimbi moja, linalofuata limeshafika usoni pake, naye hufanya kazi zaidi kwa mabega kuliko mwenzake wa baharini kabla hajasimama juu ya ubao hata mara moja. Tena, upepo unaoyazaa mawimbi hayo huhitaji nusu siku au zaidi ili kuutumia uwanja wake wote, lakini ukishatulia, mawimbi nayo hufa kwa saa chache.

Msikilizaji wa pwani ya Afrika Mashariki amezoea pepo zenye ahadi. Kaskazi na kusi hujulikana miezi yake, na kwa karne nyingi manahodha wa majahazi walipanga safari za kwenda na kurudi Arabuni kwa ahadi hiyo. Ziwa Michigan halina kaskazi wala kusi. Pepo zake hufuata mizunguko ya kanieneo ndogo, yaani maeneo ya hewa nyepesi yanayosafiri kutoka magharibi kwenda mashariki na kuvuta pepo kuyazunguka, hivyo upepo unaoanza asubuhi ukitoka kusini huweza kugeuka kabla ya usiku ukatoka kaskazini-magharibi. Anayelitafuta wimbi la Sheboygan halingoji kwa miezi. Hulifuatilia kwa ramani za hali ya hewa kwa siku tatu au nne, kisha huwa na saa chache za kulikamata.

Majira ya huko ni manne, na Kiswahili kimeyapa majina kwa kuazima mengi kutoka majira ya huku: kiangazi kwa miezi ya Juni hadi Agosti, vuli kwa Septemba hadi Novemba, kipupwe kwa Desemba hadi Februari, na machipuko kwa Machi hadi Mei. Vuli hiyo isichukuliwe kuwa ya mvua za kupandia. Ni ya majani kupukutika. Kiangazi ndio msimu wa watu. Maji ya juu katika nusu ya kusini ya ziwa hupita nyuzi 20 za Selsiasi, fukwe hujaa, waokoaji hukaa kwenye viti vyao virefu, na ziwa kwa siku nyingi hubaki na viwimbi vya upepo wa alasiri tu. Hata siku chache za kiangazi zenye mawimbi huwa na adhabu yake. Upepo wa kusini ukivuma kwa muda, maji ya juu, kwa sababu ya mzunguko wa dunia, husukumwa kuelekea kulia kwa upepo, yaani mashariki, mbali na Wisconsin, na mahali pake hupanda maji ya kilindini ambayo hayajapata kuliona jua. Waliooga jana katika nyuzi 20 huweza kukuta leo nyuzi 10, jua likiwa lilelile na anga ileile. Upepo unaoiletea Sheboygan mawimbi ndio huohuo unaoiondolea joto, na hakuna jambo linaloonyesha tabia ya ziwa hilo kwa ufupi zaidi ya hilo.

Vuli ndiyo moyo wa habari hii. Ziwa hupoa polepole kuliko hewa, hivyo Oktoba hufika maji yakiwa bado na sehemu ya joto la kiangazi huku hewa kutoka Kanada ikishuka ikiwa kavu na ya baridi kali. Hewa hiyo ikipita juu ya maji hupata joto kwa chini, huwa nyepesi, hupanda, na nafasi yake huchukuliwa na hewa ya juu inayoshuka pamoja na kasi yake. Kwa njia hiyo upepo wenye nguvu, ambao vinginevyo ungepita juu kwa juu, huteremshwa hadi usoni mwa maji na kuyapiga moja kwa moja. Upepo wa kasi ileile katika ramani huzaa mawimbi makubwa zaidi mwezi wa Novemba kuliko mwezi wa Mei, na mabaharia wa Maziwa Makuu ya Amerika Kaskazini, ambayo Michigan ni mojawapo, walilijua jambo hilo kwa msiba kabla wanasayansi hawajalieleza kwa vipimo. Kati ya tarehe 7 na 10 Novemba 1913 dhoruba iliyoyapiga Maziwa Makuu iliua watu zaidi ya 250. Tarehe 10 Novemba 1975 meli ya mizigo Edmund Fitzgerald, yenye urefu wa mita 222, ilizama katika Ziwa Superior, mojawapo ya maziwa hayo, pamoja na mabaharia wake wote 29. Katika ziwa hilohilo, tarehe 24 Oktoba 2017, boya la kupimia lilirekodi mawimbi ya mita 8.8. Haifai kuyazungumzia mawimbi ya vuli kama burudani tu na kuyanyamazia makaburi hayo, kwa maana upepo ni mmoja.

Saa bora katika ufuo kama wa Sheboygan hufika mara nyingi dhoruba inapoanza kuondoka. Kwa siku nzima upepo wa kaskazini-mashariki umekuwa ukiyavuruga maji, mawimbi yakipasuka ovyo na povu likitanda mpaka mbali. Kisha kanieneo ndogo husogea mashariki, upepo hugeuka na kutoka nchi kavu, na sasa huukabili uso wa kila wimbi linalokuja, ukiusawazisha na kulizuia wimbi lisianguke mapema. Ukungu mwembamba hupeperuka kutoka kwenye kilele na kurudi nyuma ziwani. Wimbi la mita moja na nusu, ambalo saa mbili kabla lilikuwa fujo, husimama wima kwa sekunde chache juu ya fungu la mchanga, rangi yake ya kijivu ikigeuka kijani pale mwanga wa jua la chini unapolipenya. Upepo huo unaolipamba ndio pia unaolimaliza, kwa kuwa tangu dakika ulipogeuka hakuna tena kinachoyalisha mawimbi.

Katika saa hiyo ufuo huwa hauna mlinzi. Waokoaji wa fukwe nyingi za ziwa hilo huajiriwa kwa msimu wa waogeleaji, nao huondoka baada ya sikukuu ile ya Septemba, yaani mara tu msimu wa mawimbi unapoanza. Maboya makubwa ya NOAA, idara ya serikali ya Marekani inayoshughulikia bahari na anga, ambayo hupima kimo na kipindi cha mawimbi katikati ya ziwa, hutolewa majini mwishoni mwa vuli ili yasiharibiwe na barafu. Sababu hiyo ni ya kweli na haina ubishi, lakini matokeo yake ni kwamba vipimo hupungua wakati hasa vinapohitajiwa. Huko Chicago, kusini zaidi, wakuu wa fukwe za jiji waliruhusu mchezo huu rasmi mwaka 2009, tena baadhi ya fukwe zikiruhusiwa nje ya msimu wa waogeleaji tu, mpango unaoeleweka kwa upande wa kuzuia ubao usimgonge mwogeleaji, ingawa unampeleka mchezaji kwenye maji ya baridi zaidi na macho machache zaidi ya kumwangalia. Ulinzi wa ufuo umepangwa kwa kufuata joto la hewa. Ungestahili kufuata mawimbi pia, kwa sababu mkondo unaoambaa na gati na kumvuta mtu kuelekea kilindini hauna habari na tarehe ya sikukuu.

Kwa hiyo mchezaji hujilinda mwenyewe, na kinga yake ya kwanza ni vazi la mpira wa neoprini, lenye vitundu vidogo vya hewa vinavyozuia joto la mwili lisipotee, ambalo asili yake ni kazi ya mwanafizikia Hugh Bradner wa Chuo Kikuu cha California mwanzoni mwa miaka ya 1950. Katika kipupwe vazi hilo huwa na unene wa milimita 5 au 6, kofia iliyoungana nalo, viatu na glavu nene. Sehemu inayobaki wazi ni uso, nao hupakwa mafuta mazito ya mgando ili upepo usiuchome. Wapo wanaobeba chupa za maji ya moto na kuyamimina ndani ya viatu na glavu kabla ya kuingia, kwani vidole vikishakufa ganzi haviwezi tena kuushika ubao. Nta inayopakwa juu ya ubao ili miguu isiteleze huchaguliwa laini kuliko ya nchi za joto, la sivyo hukakamaa kama mshumaa. Mtu akitoka majini hewa ikiwa chini ya sifuri, matone huganda kwenye kope na ndevu zake kabla hajafika kwenye gari.

Husemwa mara nyingi kwamba maji ya ziwa humzamisha mchezaji kwa sababu hayana chumvi. Kauli hiyo ina ukweli, lakini mdogo. Lita moja ya maji ya bahari ina takriban gramu 35 za chumvi na huwa nzito kuliko ya ziwa kwa asilimia ipatayo 2.5, hivyo ubao wenye ujazo wa lita 40, ukizama wote, huinuliwa baharini kwa nguvu ya kubeba kilo 41, na ziwani kilo 40. Kilo moja haitoshi kueleza kwa nini wachezaji wa Sheboygan hupenda mbao ndefu na nene. Sababu kubwa ni wimbi lenyewe, ambalo kwa ufupi wa kipindi chake halina msukumo wa kutosha kuuchukua ubao mdogo, pamoja na lile vazi nene linaloyachosha mabega kwa kila mkono unaopigwa.

Kipupwe kinapokomaa, ziwa huanza kujifungia. Maji yasiyo na chumvi huganda kwenye nyuzi sifuri, mapema kuliko ya bahari, ambayo hungoja hadi karibu nyuzi 2 chini ya sifuri. Mwanzo hutokea uji wa barafu ufukoni, mzito kiasi cha kuyafanya mawimbi yapite kimya bila kupasuka; baadaye uji huo hushikana kuwa vipande vya duara vyenye kingo zilizoinuka, mfano wa chapati zilizotandazwa juu ya maji; na kando ya nchi kavu mawimbi hurusha matone na vipande hadi ukajengeka ukingo wa barafu wenye kimo kinachompita mtu. Ukingo huo huonekana imara kama mwamba, lakini kwa chini mawimbi huula na kuacha mapango, na anayetembea juu yake huweza kudidimia ndani mahali ambapo hakuna pa kushika. Miaka hutofautiana sana. Katika msimu wa 2013 hadi 2014 barafu ilifunika zaidi ya asilimia 90 ya Maziwa Makuu kwa ujumla, na katika msimu wa 2023 hadi 2024 haikufika asilimia 20 hata siku moja. Wachezaji hupata siku nyingi zaidi za mawimbi katika mwaka wa namna hiyo, lakini ufuo hupoteza ngao yake, kwa kuwa barafu ndiyo huuzuia mchanga usichukuliwe na dhoruba za Januari.

Kina cha ziwa nacho hubadilika, ingawa si kwa kujaa na kupwa, kwani bamvua la huko halifiki hata sentimita 5. Mvua, theluji na uvukizaji hulipandisha na kulishusha ziwa kwa miaka, na kati ya Januari 2013, liliposhuka kuliko wakati wowote uliorekodiwa, na kiangazi cha 2020, lilipanda kwa karibu mita 2. Wimbi hupasuka pale kina cha maji kinapokaribia kimo chake, hivyo mita 2 za ziada huhamisha mahali pote pa kuchezea: mafungu ya mchanga yaliyokuwa yakisimamisha wimbi hufunikwa mno, na mawimbi huja kupasukia karibu kabisa na kuta na mawe ya ufuo.

Kanuni hizi za upepo si mali ya Marekani. Ziwa Nyasa nalo ni refu na jembamba, likinyooka kaskazini na kusini kwa kilomita zipatazo 580, na upepo wa kusini-mashariki uitwao mwera huvuma juu yake kwa nguvu kati ya Mei na Agosti, ukipata uwanja mrefu hadi ncha ya kaskazini, uliko ufuo wa Matema katika wilaya ya Kyela. Huko wavuvi wa mitumbwi husoma maji kwa elimu ileile ya mwelekeo na muda. Kinachotofautiana ni joto, kwa kuwa uso wa Nyasa haupoi sana chini ya nyuzi 23 hata katika miezi ya mwera.

Machipuko yanapofika Sheboygan, mambo hupinduka. Hewa ya Aprili imeanza kupata joto, lakini ziwa bado lina nyuzi 3 au 4, hivyo hewa inayolipita hupoa kwa chini, huwa nzito, na hutulia juu ya maji kama mfuniko juu ya sufuria. Upepo huvuma, miti ya mjini hutikisika, lakini juu ya ziwa hupita juu ya mfuniko huo bila kuyagusa maji ipasavyo. Katika wiki hizo meli hupeleka tena maboya katikati ya ziwa, nayo huanza kutuma vipimo vyake kila saa: nusu mita, robo mita, shwari.